Unaposhuku Kwamba Mpendwa Wako Amefariki kwa Kosa la Kitabibu: Hatua za Kuchukua Tangu Siku ya Kwanza

Dada yangu aliingia hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili ya upasuaji ambao tuliambiwa ni wa kawaida, na siku ya tatu tukaitwa kuja kumuaga. Tulimzika kesho yake. Hakuna aliyeomba uchunguzi wa maiti, hakuna aliyeomba faili lake, na hakuna aliyeandika saa ambayo alianza kulalamika kwamba tumbo limekaza. Ilipofika wiki ya tatu, tulipoanza kuulizana kwa sauti yale ambayo kila mmoja alikuwa akijiuliza kimoyomoyo, majibu mengi yalikuwa yameshazikwa pamoja naye. Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu ambaye bado yumo katika saa zile za mwanzo, na pia kwa ajili ya yule ambaye saa hizo zimempita, kwa sababu hata kwake si kila mlango umefungwa.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba shaka si ushahidi, lakini kuwa na shaka si utovu wa adabu wala si kukufuru. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya kila 10 hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe ya matibabu, kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika, na kwamba vifo vinavyotokana na huduma isiyo salama huzidi milioni 3 kila mwaka. Wakati huohuo, wagonjwa wengi hufariki wakiwa wamepewa kila kitu ambacho kingeweza kutolewa, kwa kuwa ugonjwa uliwazidi nguvu wao na waliowatibu. Katika siku za mwanzo hujui mpendwa wako yumo katika kundi lipi, na hulazimiki kujua. Kazi yako kwa wakati huo ni kulinda uwezekano wa kujua baadaye.

Kabla ya mazishi

Uamuzi mzito kuliko yote huangukia wakati ambao mtu hana nguvu ya kuamua hata jambo dogo, nao ni uamuzi wa kufanya au kutofanya uchunguzi wa maiti. Kuna aina mbili. Upo uchunguzi unaoamriwa na mamlaka za serikali pale kifo kinapokuwa cha ghafla, kisichoelezeka, au kilichotokea wakati wa upasuaji au muda mfupi baada yake, na huo kwa kawaida hausubiri ridhaa ya familia. Upo pia uchunguzi unaofanywa kwa ridhaa au kwa ombi la familia. Ikiwa una shaka, mwambie daktari na msimamizi wa chumba cha kuhifadhia maiti, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba familia inaomba uchunguzi na kwamba mwili usitiwe dawa ya kuuhifadhi mpaka uchunguzi ukamilike. Dawa hiyo huharibu vipimo vya dawa na sumu mwilini, na ikishaingia haiwezi kutolewa. Hifadhi ya baridi inatosha kwa siku kadhaa.

Omba uchunguzi ufanywe na daktari wa patholojia ambaye hakuhusika na matibabu, na ikiwezekana asiwe mwajiriwa wa hospitali hiyohiyo. Uliza kama familia inaweza kuwa na daktari wake atakayeshuhudia. Uliza pia kama sampuli za tishu na majimaji ya mwili zitatunzwa, kwa sababu sampuli zilizotunzwa vizuri zinaweza kuchunguzwa upya na mtaalamu mwingine hata baada ya miaka. Mpe mchunguzi maswali yako yakiwa yameandikwa: ukimweleza kwamba marehemu alianza kukosa pumzi dakika chache baada ya kuchomwa sindano, au kwamba alilalamika maumivu ya mguu siku moja kabla ya kuanguka, unamwonyesha pa kuangalia. Uchunguzi unaofanywa bila historia unaweza kuishia na maneno kama “moyo kushindwa kufanya kazi”, ambayo yanaeleza jinsi karibu kila binadamu anavyokufa, wala hayaelezi kwa nini huyu alikufa.

Najua kwamba kwa familia nyingi imani inahimiza mazishi ya haraka na mwili usiguswe, na sitaki kuonekana ninapuuza jambo hilo. Zungumza na kiongozi wako wa dini kabla ya kuamua, kwa kuwa mara nyingi ruhusa hutolewa pale panapohitajika kujua haki. Uliza pia kama uchunguzi unaweza kuhusisha kiungo kimoja tu, au kufanywa kwa mashine za kupiga picha za ndani bila kuupasua mwili, ingawa njia hizo haziwezi kuonyesha kila kitu. Mkikataa, kataeni mkijua mnachokikataa. Na ikiwa mazishi yameshafanyika, fahamu kwamba mahakama inaweza kuamuru mwili ufukuliwe; ni hatua nzito, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kinachoweza kuonekana kinavyopungua, lakini ipo.

Viko vitu vingine vinavyopotea haraka kuliko mwili. Damu aliyotolewa mgonjwa kwa vipimo mara nyingi hubaki maabara kwa siku chache tu kisha hutupwa. Mashine za kupimia dripu na dawa huwa na kumbukumbu ya ndani ya kiasi kilichoingia na saa kilipoingia, nayo hufutika mashine inapoendelea kutumika. Picha za kamera za usalama hufutwa kwa kurekodiwa juu yake. Kwa hiyo andika barua fupi siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, kwa mkuu wa hospitali, ukiomba vitunzwe sampuli zote za maabara, chupa na mirija ya dawa iliyotumika, mashine zilizotumika, picha za kamera na faili lote. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua hii haimshutumu mtu yeyote, na haihitaji wakili.

Kuna karatasi ambazo hupaswi kuzisaini katika siku hizi. Karatasi ya kupokea mwili ni ya kawaida, lakini isome yote. Ukiletewa hati inayosema kwamba familia imeridhika na matibabu, au kwamba gharama zitasamehewa kwa sharti la kutodai lolote, iweke kando hata kama aliyeileta ni mpole na mwenye huruma. Kinachokusukuma kusaini leo ni uchovu, na hati hiyo itadumu kuliko uchovu wako.

Andika, tena andika mapema

Kumbukumbu ya mfiwa hubadilika kila anaposimulia. Anaposikia simulizi ya mwenzake, huichukua bila kujua na kuifanya yake, na baada ya mwezi familia nzima inakuwa na hadithi moja iliyonyooka ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeishuhudia yote. Ndiyo maana ninashauri kwamba kila mtu aliyekuwepo aandike peke yake, kabla hamjakaa pamoja kuzungumza, na atie tarehe na sahihi.

Aandike alichokiona na kukisikia, na hitimisho lake aliweke mbali. “Muuguzi alikuja saa nne usiku, akabadilisha dripu, baada ya hapo mgonjwa akaanza kutetemeka” ni ushahidi. “Muuguzi alimpa dawa isiyo yake” ni dhana, ambayo huenda ni kweli, lakini haina nguvu mpaka jambo la kwanza litakapothibitishwa. Maneno ya wahudumu yaandikwe kama yalivyosemwa. Kwa saa, simu yako itakusaidia kuliko kichwa chako: tazama ni saa ngapi ulimpigia ndugu kumwambia hali imebadilika, ni saa ngapi ulituma ujumbe wa kuomba dua, picha uliyopiga kitandani ilipigwa dakika gani. Usifute chochote, hata kile kinachokuumiza kukitazama. Andika pia nani alikuwa kitanda cha jirani na nani alikuwa akimuuguza, kwa sababu mara nyingi hao ndio mashahidi pekee wasio na upande, na baada ya wiki moja hutawapata tena.

Faili la matibabu

Omba nakala ya faili lote kwa maandishi. Neno “lote” ni la muhimu, kwa kuwa ukiomba “ripoti” utapewa ukurasa mmoja wa muhtasari. Taja unachotaka: maelezo ya madaktari, maelezo ya wauguzi, chati ya mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto na upumuaji, chati ya dawa, chati ya maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, majibu ya maabara pamoja na saa yalipotoka, picha za eksirei na nyinginezo, fomu ya ridhaa ya upasuaji, karatasi ya dawa ya usingizi, maelezo ya upasuaji, na barua za rufaa. Kama kumbukumbu ni za kompyuta, omba pia orodha inayoonyesha nani alifungua au kubadilisha maelezo na saa ngapi. Huenda ukaulizwa uthibitisho kwamba wewe ni ndugu wa karibu au msimamizi wa mirathi, hivyo andaa nyaraka hizo mapema. Ukikataliwa, omba sababu ya kukataliwa iandikwe. Katika nchi nyingi familia ina haki kisheria ya kupata kumbukumbu hizi, na mahakama inaweza kuamuru zitolewe.

Faili likifika, usianze na maelezo ya daktari wa mwisho. Chukua karatasi kubwa, chora mstari wa saa, kisha pachika kila tukio mahali pake kutoka katika kila chati. Ukweli mara nyingi hujificha kati ya karatasi mbili ambazo kila moja peke yake haina dosari: jibu la maabara lilitoka saa nane mchana likionyesha hatari, na dawa ikaanza kutolewa usiku wa manane. Tazama mapengo. Mgonjwa aliyetakiwa kupimwa kila saa, chati yake ikiwa tupu kwa saa sita, ni jambo la kuuliza. Tazama saa za kubadilishana zamu, kwa maana taarifa nyingi muhimu hudondoka hapo. Tazama kama mapigo ya moyo yalikuwa yakipanda na shinikizo la damu likishuka taratibu, maana mwelekeo huo huonekana katika uvujaji wa damu wa ndani na pia katika sepsisi, yaani mwitikio hatari wa mwili kwa maambukizi unaoharibu viungo vyake wenyewe, na katika hali zote mbili kuwahi matibabu ndiyo dawa. Tazama kipimo cha dawa na mahali pa nukta: kukosea nukta moja kunaweza kufanya dozi iwe mara 10 ya iliyokusudiwa. Tazama kama mzio wa dawa uliotajwa siku ya kulazwa uliandikwa kwenye chati ya dawa.

Lakini kuwa mwadilifu na karatasi hizo. Maelezo yaliyoandikwa baadaye si lazima yawe ya kughushi. Aliyekuwa akimfufua mgonjwa hakuwa na mkono wa kuandikia, na utaratibu humruhusu aandike baadaye mradi ataje saa anayoandika. Yanayotia shaka ni yale yaliyoandikwa baadaye kana kwamba yaliandikwa papo hapo.

Baada ya hapo mtafute daktari asiye na uhusiano na hospitali hiyo, na awe wa fani ileile. Daktari bingwa wa moyo hawezi kukuambia kama mkunga alichelewa. Mwulize maswali mawili kwa kutenganisha: je, huduma hii ilikuwa chini ya kiwango ambacho mtaalamu makini angetoa katika mazingira yaleyale? Na je, kama ingetolewa ipasavyo, marehemu angepona? Familia nyingi huthibitisha la kwanza na kuanguka katika la pili, na afadhali kulijua hilo mapema kuliko baada ya kuuza mali kulipia kesi.

Kikao na hospitali

Omba kikao rasmi, usisubiri kukutana na daktari kwenye ujia. Nendeni watu wawili au watatu, mmoja akiwa na kazi ya kuandika tu. Kama unataka kurekodi sauti, omba ruhusa. Anza na maswali ya wazi: tuelezeni siku ya mwisho kwa mpangilio, nani aliamua nini na kwa taarifa gani, ni jambo gani ambalo halikwenda kama lilivyopangwa, je tukio hili limefanyiwa uchunguzi wa ndani, na tutapata lini matokeo kwa maandishi? Baada ya kuuliza, nyamaza. Mtu anayejitetea dhidi ya shutuma husema machache, na mtu anayeachiwa nafasi ya kusimulia husema mengi.

Katika kikao hiki huwa namkumbuka Martin Bromiley, rubani wa ndege nchini Uingereza ambaye mkewe Elaine alifariki mwaka 2005. Elaine alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua, na baada ya kupewa dawa ya usingizi njia yake ya hewa ikaziba. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu kupitisha mrija kooni huku oksijeni ikiisha mwilini, ilhali muuguzi mmoja alikuwa ameleta vifaa vya kutoboa koo na mwingine ameulizia kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hawakusikilizwa. Bromiley aliuliza uchunguzi utafanywaje, kama ambavyo kila ajali ya ndege huchunguzwa, akashangaa kujua kwamba haikuwa desturi kuchunguza isipokuwa pawe na malalamiko au kesi. Alisisitiza uchunguzi huru, ukafanyika, na akaruhusu kisa hicho kitumike kufundishia. Hakutafuta mtu wa kutundikwa, bali aliuliza kwa nini watu wazuri walinaswa katika kosa lile.

Swali hilo ni zuri hata kwa mwenye hasira, kwa kuwa linakwenda mbali zaidi ya mtu mmoja. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alilinganisha kinga za hospitali na vipande vya jibini vyenye matundu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: dhara humfikia mgonjwa pale matundu yote yanapolingana. Muuguzi aliyekosea dawa alikuwa akihudumia wagonjwa wangapi? Chupa mbili zinazofanana zilikuwa rafu moja? Ukimtafuta mkosaji mmoja tu, hospitali inaweza kukupa huyo, akafukuzwa kazi, na matundu mengine yote yakabaki.

Ikiwa wataomba radhi, pokea kama ulivyojaaliwa, lakini fahamu kwamba kuomba radhi si lazima kuwe ni kukiri kosa kisheria. Baada ya kikao, waandikie barua ukieleza mlichoelewana na ahadi walizotoa, na uombe wasahihishe kama umekosea. Chochote kitakachosemwa mtandaoni kisubiri. Kutaja majina ya wahudumu hadharani kabla ya uthibitisho kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na kunawafunga midomo wale ambao wangekuambia ukweli.

Amua unachokitaka

Njia ziko kadhaa na kila moja hutoa kitu kimoja, ndiyo maana wengi huvunjika moyo kwa kupita njia isiyofika wanakokwenda. Malalamiko ndani ya hospitali yanaweza kuleta maelezo na radhi. Baraza linalosajili madaktari, au lile la wauguzi, huangalia mwenendo wa mtaalamu na linaweza kumwonya au kumfutia leseni, lakini kwa kawaida halilipi fidia. Uchunguzi wa kimahakama wa chanzo cha kifo, pale unapokuwepo, huthibitisha marehemu alikufaje. Kesi ya madai hulenga fidia, na ina muda wa ukomo ambao katika nchi nyingi ni miaka michache tu, wakati mwingine mfupi zaidi dhidi ya taasisi za umma. Muulize wakili kuhusu tarehe hiyo katika kikao cha kwanza kabisa. Kesi ya jinai ni kwa uzembe uliokithiri, na kiwango chake cha uthibitisho ni cha juu.

Kaeni kama familia mjiulize kwa uaminifu: ni ukweli, radhi, fidia kwa ajili ya watoto waliobaki, au lisimpate mwingine? Mkitaka hilo la mwisho, jueni kwamba linawezekana. Martha Mills alikuwa na miaka 13 alipofariki kwa sepsisi mwaka 2021, baada ya wasiwasi wa wazazi wake kutosikilizwa. Kutokana na juhudi zao, tangu mwaka 2024 hospitali za Uingereza zilianza kutekeleza utaratibu unaoitwa Kanuni ya Martha, unaomwezesha mgonjwa au ndugu yake kuomba timu nyingine imtazame mgonjwa haraka hali yake inapozidi kuwa mbaya.

Ndani ya nyumba

Shaka huwala wafiwa kwa ndani. Yupo atakayejilaumu kwamba ndiye aliyechagua hospitali ile, na yupo aliyekwenda nyumbani kulala usiku ule. Msiwaache peke yao na mawazo hayo. Mgonjwa yumo mikononi mwa wenye taaluma, na ndugu hakupewa vipimo wala mamlaka. Wengine katika familia hawatataka kufuatilia kabisa, wakisema yaliyopita yamepita. Wasilazimishwe, nao wasiwazuie wanaofuatilia. Teueni mmoja wa kushughulika na barua na simu, na mwingine wa kumpokea akichoka, kwa kuwa mambo haya huchukua miezi na pengine miaka.

Ripoti ya uchunguzi itakapofika, usiifungue peke yako usiku. Lugha yake inataja uzito wa moyo na hali ya kila kiungo kana kwamba hakukuwa na mtu, na ukiisoma bila kujiandaa, picha hizo hazitaondoka. Mwombe daktari mnayemwamini aisome kwanza, akueleze mambo matatu au manne yanayojibu maswali mliyoyaandika, kisha mwamue pamoja kama mama yenu atakabidhiwa karatasi yenyewe, au atasimuliwa na mtoto wake kwa maneno anayoweza kuyabeba.